Vipindi vya Televisheni Vilivyopotea: Vilipoteaje, na Mbona Vingine Vinaibukia Afrika?

Kila inapozuka habari kwamba kipindi cha televisheni cha miaka 60 iliyopita kimepatikana, kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tanga maswali huwa yaleyale. Kituo kikubwa, chenye pesa na majengo, kinapotezaje kazi yake chenyewe? Kipindi kilichotazamwa na mamilioni ya watu kinatowekaje? Na lile linalowashangaza wengi zaidi: mbona watu wanashangilia kupatikana kwa kipindi ambacho hata hakikuwahi kuonyeshwa?

Ni maswali ya haki, hasa kwetu. TVZ ya Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, kwa rangi tangu mwanzo, na nyumba chache za Tanga na Bagamoyo zenye seti na antena ndefu ziliinasa kutoka ng'ambo ya bahari. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994. Miaka ya 1950 na 1960, ambayo ndiyo miaka ya upotevu mkubwa, sisi hatukuiona. Tuliingia kwenye televisheni wakati kurekodi kumeshakuwa jambo la kawaida, tukadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Tuanze na hicho kisichowahi kuonyeshwa, yaani kipindi cha majaribio. Kabla kituo hakijakubali kugharamia mfululizo mzima, mtayarishaji hutengeneza kipindi kimoja cha kuonyesha wahusika ni akina nani, kisa kinakwendaje na kama kinachekesha au kinashika moyo. Ni kama mpishi anayempelekea mwenye shughuli sahani moja ya biriani aonje kabla hajakabidhiwa sufuria za harusi. Wanaokitazama ni wachache: wakuu wa kituo, na pengine mfanyabiashara atakayelipia matangazo. Wakikipenda, mfululizo unaagizwa, na mara nyingi kipindi cha kwanza hurekodiwa upya, huku waigizaji wengine wakiwa wamebadilishwa. Wasipokipenda, kazi inaishia hapo.

Kipindi cha kawaida kilirushwa hewani, kikauzwa nchi nyingine, kikatolewa nakala kadhaa. Cha majaribio kilikuwa na nakala moja au mbili tu, na baada ya uamuzi kutolewa hakuna aliyekihitaji. Kwa maoni yangu, ukitaka kuelewa habari hizi zote, za kupotea na za kupatikana, uliza kwanza nakala zilikuwa ngapi na zilikwenda wapi.

Sasa turudi studio za mwanzo. Televisheni ya miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 ilikuwa ya moja kwa moja. Waigizaji wanacheza, kamera inachukua, mawimbi yanaondoka kwenye mnara na kufika sebuleni kwa mtazamaji papo hapo. Kipindi kikiisha, kimeisha, kwa sababu hakukuwa na chombo kilichobakiza kitu. Aliyetaka kubakiza picha alikuwa na njia moja: kuweka kamera ya filamu mbele ya skrini maalumu na kuipiga picha skrini yenyewe wakati kipindi kinaendelea. Huko Marekani njia hii ilitumika sana kwa sababu pwani ya magharibi iko nyuma kwa saa 3, hivyo filamu ilisafishwa haraka ili watu wa Los Angeles nao watazame jioni yao. Picha ilitoka imefifia, lakini bila njia hiyo tusingekuwa na chochote cha miaka ile.

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ikatoa mashine ya kwanza ya kurekodi video iliyofaa kwa kazi ya kituo. Kanda yake ilikuwa na upana wa inchi 2, na mashine iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kanda nazo zilikuwa ghali, na uzuri wake mkubwa machoni pa wahasibu ulikuwa kwamba zinaweza kufutwa na kurekodiwa tena. Hapo ndipo msiba ulipoanza. Kanda yenye tamthiliya ya mwezi uliopita ilichukuliwa, ikapitishwa kwenye sumaku, ikarekodiwa mpira au kipindi kingine.

Watu hudhani ulikuwa uzembe tu. Nasikitika kama wao, lakini waliofanya hivyo walikuwa na hesabu zao. Uingereza, mikataba na chama cha waigizaji iliweka mipaka ya mara ngapi kipindi kinaweza kurudiwa, na baada ya hapo kanda haikuwa na kazi. Rangi ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1960, vipindi vya rangi nyeusi na nyeupe vilionekana havitauzika tena popote. Deki za nyumbani hazikuwepo, hivyo hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atalipa pesa yake atazame kipindi cha zamani akiwa kwake. BBC iliendelea kufuta hadi ilipobadili mwelekeo mwaka 1978 na kuanza kutunza kumbukumbu zake kwa utaratibu. Marekani kulikuwa na mtandao wa vituo ulioitwa DuMont, uliofungwa mwaka 1956. Mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi mwaka 1996 kwamba filamu za DuMont zilizobaki zilipakiwa kwenye malori na kumwagwa katika maji ya bandari ya New York. Makopo kwa makopo, kazi ya miaka 10, chini ya bahari.

Hebu tuone vipindi vitatu vya majaribio vilivyookoka, maana kila kimoja kiliokoka kwa njia yake.

Cha kwanza ni cha I Love Lucy, kichekesho cha Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz. Mfululizo wenyewe ulipigwa kwa filamu nzuri ya milimita 35, kwa hiyo upo wote na unaonyeshwa hadi leo. Kipindi cha majaribio, kilichochezwa Machi 1951, kilibaki kwa ile njia ya kupiga picha skrini, na kwa karibu miaka 40 kilihesabiwa kuwa kimepotea. Nakala ilikuwa nyumbani kwa Pepito Pérez, mchekeshaji aliyeshiriki humo na kupewa kama zawadi ya shukrani. Alipofariki ilibaki kwa mjane wake, naye ndiye aliyeitoa. Kituo cha Marekani cha CBS kilikionyesha mwaka 1990. Maktaba za kampuni hazikuwa nayo. Mama mmoja alikuwa nayo ndani.

Cha pili ni cha Star Trek, tamthiliya ya Marekani ya safari za anga za mbali. Kipindi chake cha majaribio, kiitwacho "The Cage", kilikamilika mwanzoni mwa 1965. Kituo cha NBC kilikikataa, lakini kikaagiza kingine cha majaribio, jambo lisilo la kawaida, na hicho ndicho kilichozaa mfululizo. Mwaka 1966, kwa kuwa muda na pesa vilibana, watengenezaji walikata vipande vya "The Cage" na kuviingiza katika vipindi vingine viwili. Filamu ya rangi ikawa imekatwakatwa. Muumba wa mfululizo, Gene Roddenberry, alibaki na nakala nzima, lakini nyembamba ya milimita 16 na isiyo na rangi. Ndiyo maana kanda iliyouzwa madukani mwaka 1986 ilikuwa ya ajabu: sehemu hii ina rangi, inayofuata haina. Mwaka uliofuata, mabaki ya rangi yaliyokatwa yalipatikana katika maabara ya filamu Los Angeles, na mwaka 1988 kipindi kikaonyeshwa kizima kwa rangi.

Cha tatu ni cha Doctor Who, tamthiliya ya BBC ya mzee anayesafiri katika wakati. Kilirekodiwa tarehe 27 Septemba 1963. Mlango wa chombo cha kusafiria ulikataa kufunga, na mkuu wa tamthiliya, Sydney Newman, hakuridhika na namna mhusika mkuu alivyochezwa. Aliagiza kirudiwe. Toleo la pili ndilo lililorushwa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, na lile la kwanza halikuonekana na umma hadi 1991. Ukiyatazama yote mawili kwa kufuatana unajifunza kwa nini watu wanahangaikia vitu hivi: mzee mkali, asiyependeka, amegeuka mzee wa ajabu unayetaka kujua habari zake, na tofauti hiyo ilifanyika ndani ya wiki chache. Mwanafunzi wa uigizaji pale Bagamoyo angepata hapo somo ambalo hakuna kitabu kitampa.

Mfululizo huohuo ndio unaotuleta Afrika. Doctor Who ilikuwa na vipindi 253 katika misimu yake 6 ya kwanza, na kanda zake za awali zilifutwa. Lakini kabla ya kufutwa, BBC ilikuwa imevihamishia kwenye filamu za milimita 16 ili iviuze nje. Filamu hizo zilisafirishwa kwa makopo hadi vituo vya mbali. Kituo kikishaonyesha, kilitakiwa kuzipeleka kituo cha nchi nyingine, kuzirudisha London au kuziharibu. Baadhi ya vituo havikufanya lolote kati ya hayo. Waliziweka stoo, wakafunga mlango, na maisha yakaendelea.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu kutoka Uingereza, amepata makopo ya vipindi 11 katika stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vipindi 9 kati ya hivyo havikuwa na nakala kwingineko. Miaka ya 1980 pia vipindi kadhaa vilikuwa vimerudi kutoka Nigeria. Baada ya ugunduzi wa Jos, 97 vilikuwa bado havijapatikana. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Waliokuwa na majengo, bajeti na wataalamu walifuta. Stoo ya Jos ikatunza. Jos pia iko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake haina fukuto la pwani. Makopo yaleyale yangekaa miaka 40 karibu na bandari ya Tanga, yangefunguliwa yakiwa na hali nyingine kabisa.

Hilo linatuingiza kwenye kazi ya kufufua, na hapa ndipo dhana potofu zinapojaa.

Filamu nyingi za televisheni ya zamani zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo asetati. Joto na unyevu vikiishambulia, plastiki hutoa asidi, na ukifungua kopo unapokewa na harufu kali ya siki. Asidi hiyo huharakisha kuoza kwa filamu yenyewe na zilizo jirani. Filamu husinyaa, hujikunja, na matundu yake ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine. Mtu mwenye haraka anayeiweka kwenye projekta anaichana. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya fundi ni kunusa, kupima na kukagua kwa mkono, sentimita baada ya sentimita, akiunganisha upya palipoachia. Baridi na ukavu hupunguza kasi ya kuoza, lakini havirudishi kilichooza.

Kisha inasafishwa na kupitishwa kwenye skana isiyovuta filamu kwa meno, inayopiga picha ya kila fremu peke yake. Mikwaruzo ina dawa moja ninayoipenda kwa usahihi wake. Filamu hupitishwa ndani ya kimiminika kinachopitisha mwanga sawasawa na plastiki ile. Kimiminika kinajaza mkwaruzo, mwanga haupindi tena, na mkwaruzo hauonekani kwenye picha. Vumbi lililobaki huondolewa na kompyuta: kama doa lipo kwenye fremu moja tu, halipo kwenye fremu ya nyuma wala ya mbele, basi si sehemu ya picha, na nafasi yake inajazwa kwa kilichomo kwenye fremu jirani.

Kuna kazi nyingine mbili zinazoonekana kama miujiza. Video ya Uingereza ilichukua mwendo mara 50 kwa sekunde, lakini filamu iliyopigwa kutoka skrini ilibakiza fremu 25 tu, ndiyo maana waigizaji wanaonekana wakienda kwa mikatomikato. Programu hukadiria mwendo wa katikati na kurudisha ule ulaini wa studio. Ya pili ni rangi. Baadhi ya vipindi vya rangi vilibaki kama filamu nyeusi na nyeupe tu. Wahandisi wakagundua kwamba pale kamera ilipopiga skrini bila kichujio, ishara ya rangi iliacha vitone vidogo mno juu ya picha. Vitone hivyo vina taarifa ya rangi ya asili. Mwaka 2008 BBC ilionyesha kipindi cha kichekesho chake Dad's Army cha mwaka 1969 kikiwa kimerudishiwa rangi kwa njia hii, baada ya miongo kadhaa ya kutazamwa bila rangi.

Zingatia kilichofanyika hapo: rangi ilikuwemo ndani ya filamu, imefichika, ikasomwa. Wengi sasa wanasema akili mnemba itarudisha kila kitu. Inaweza kukuza picha, kupaka rangi, hata kutengeneza sura na sauti. Lakini kinachotengenezwa bila chanzo ni kitu kipya. Uso wa mwigizaji uliobuniwa na kompyuta hautuambii alivyokunja uso siku ile ya mwaka 1963. Mafundi makini hutunza skani ya awali bila kuigusa na kuandika kila walichobadilisha, ili atakayekuja na chombo bora zaidi aanzie kwenye chanzo.

Dhana nyingine ni yetu wenyewe. Kuanzia mwisho wa 2012 na kuingia 2013 tulizimiwa mitambo ya analojia, tukanunua ving'amuzi, na wengi wakaamini kwamba vipindi vya zamani navyo vimekuwa vya dijitali. Kilichobadilika ni njia ya kusafirisha matangazo kutoka mnarani hadi kwenye seti yako. Kanda iliyokuwa kabatini ilibaki kanda. Ili iwe ya dijitali, mtu lazima aitoe, aiweke kwenye mashine ya aina yake, na akae nayo muda uleule wa kipindi chenyewe. Kanda ya saa 3 hula saa 3, na mashine zenyewe zinaisha: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016.

Na tusijitoe kwenye hesabu ya kufuta. Kanda ya VHS ina kijino cha plastiki ubavuni. Kikivunjwa, deki inakataa kurekodi juu yake. Nani hakumbuki kuziba tundu hilo kwa selotepu ili kanda ya harusi irekodiwe mpira? Ni hesabu ileile ya BBC, kanda ghali na matumizi ya leo, imefanyika sebuleni Ngamiani na Makorora.

Kilichobaki kina thamani kubwa kuliko tunavyodhani. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyobadilisha taarabu ya Afrika Mashariki. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, na ngoma, michezo ya jukwaani na matamasha yake yamepigwa video na wanafunzi, wageni na jamaa. Vituo vya bara vilipoanza, vikundi kama Kaole, alikopitia marehemu Steven Kanumba kabla ya umaarufu wa filamu, vilijaza sebule zetu. Kama kikundi chako kiliwahi kurekodi kanda ya mfano ya kupeleka kituoni, hicho ni kipindi cha majaribio kamili, na huenda nakala ni hiyo moja iliyoko kwako.

Usiiweke kwenye deki kwanza. Itazame kupitia kidirisha chake: ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za utepe, ni ukungu, na ukiicheza utauambukiza mtambo na kanda zitakazofuata. Isimamishe wima kama kitabu, juu ya rafu na si sakafuni, mbali na ukuta unaotoa chumvi na jua la dirishani. Friji ya nyumbani haifai kwa sababu ya majimaji yake. Wapo watakaokuambia kanda inayonata inachomwa kidogo kwenye oveni. Kweli mafundi hukausha aina fulani za kanda za zamani kwa takriban nyuzi 50 kwa saa nyingi, lakini kwa vyombo vinavyodhibiti joto, na si kila kanda inatibiwa hivyo. Oveni ya jikoni itaiua.

Kuhusu utajiri: kumiliki kanda hakukupi haki ya kilichomo. Plastiki ni yako, kazi ni ya walioitunga na kuicheza au warithi wao, na Tanzania ina Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kwa mambo hayo. Philip Morris hakupata hakimiliki ya Doctor Who kwa kufungua mlango wa stoo. Lakini hakimiliki isikuzuie kuokoa. Nakili kwanza, andika juu yake nani yumo, wapi na mwaka gani, ukiwauliza wazee wangali hai, kisha mazungumzo ya nani aionyeshe yafuate.

Kwa wenye sanduku zima na pesa za kunakili kanda chache tu, mpangilio ni huu. Filamu ya Kihindi na mechi ya Kombe la Dunia ziwe za mwisho, kwa sababu nakala zake ziko dunia nzima. Igizo lililowahi kuonyeshwa kituoni lifuate juu yake. Za kwanza kabisa ni mazoezi ya kikundi, taarabu iliyopigwa uani kwenye harusi ya mtu, na ile kanda ya mfano iliyokataliwa. Ukishanakili, weka moja kwenye diski nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine, ya tatu mtandaoni, na kanda yenyewe usiitupe.